Kitambaa Juu ya Mashini ya Mama

Mama ana pumu. Ana mashini ndogo ya umeme inayogeuza dawa ya maji kuwa mvuke, naye anauvuta kwa barakoa ya plastiki. Asubuhi moja alinipigia simu kutoka kwake Kamenge, akaniambia mashini inalia lakini mvuke hautoki. Aliyasema hayo vipande vipande, akitafuta pumzi katikati. Nikatoka kwangu Carama mbio, hata chai sikunywa. Bora sikunywa.

Nilianza na mpira unaopeleka hewa. Ulikuwa umechomekwa vizuri pande zote mbili. Nikafungua kikombe cha dawa. Yarabi! Ndani mna ute wa manjano, unavutika kama bamia, umeziba kabisa katundu kanakopitisha hewa. Na kinanuka visamaki vya ndagala. Kumbe Mama alikuwa anakisuuza kwenye beseni ya vyombo, kisha anakifungia kwenye mfuko kikiwa na maji. Barakoa nayo ilikuwa na ukungu mweusi pale pale inapogusa midomo. Na huyu ni mwanamke ambaye hali kwa watu mpaka achungulie sufuria yao.

Nikaja kwenye mashini yenyewe. Ilikuwa imevalishwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama televisheni, kama redio, kama kila kitu kwenye sebule ile. Nikakitoa, nikachomoa kisponji cha kuchuja hewa. Cheusi, kimejaa nyuzi za kitambaa, na mguu wa mende umenasa humo. Mate yalinijaa mdomoni. Mama yangu anavuta uchafu huu! Nikamuuliza kama huwa anatoa kitambaa akiiwasha. Akasema apana, akiwasha anaongeza na mto juu, isipige kelele.

“Mi siko mugonjwa wa kusikiwa mpaka barabarani,” akasema.

Nikaosha kikombe kwa maji ya moto na sabuni, nikazibua katundu, nikakikung'uta. Barakoa niliitupa. Mpya ilikuwepo kabatini, pamoja na visponji, havijafunguliwa, vimepangwa na vikombe vya wageni. Nikafunga barakoa mpya na kisponji kipya, nikawasha. Mvuke ukatoka mzito, na mabega ya Mama yakaanza kushuka.

Hodi ikapigwa. Alikuwa jirani, mwenzake wa kikundi cha dua. Mama akavua barakoa upesi, akaificha ndani ya kanga, akamkaribisha. Jirani akamuuliza hali.

“Alhamdulillahi, niko muzima,” Mama akajibu, huku mvuke unamtoka shingoni. Dawa yote inakwenda kwenye nguo.

Kinyaa kilinipanda kuliko kile cha mende. Nikaufuata mpira mpaka ndani ya kanga ya mama yangu mzazi, mbele ya mgeni, nikaitoa barakoa, nikamrudishia usoni. Aliniangalia kwa jicho baya. Jirani akatazama sakafu. Mashini ikanguruma bila mto, mpaka barabarani.