Kiatu cha Zahira Hakiguswi

Dada yangu Kanizfatema hawezi kupita kiatu kilichopinduka soli juu. Hawezi, basi tu. Hata awe amebeba sinia la biriani kwa mikono miwili, atalitua chini, ainame, akigeuze, ndipo aendelee na safari yake. Tumelelewa hivyo Tanga. Mama yetu alisema soli haielekezwi mbinguni, na ukiuliza kwa nini unapata kofi badala ya jibu. Hata huku Toronto, imambara, nyumba yetu ya ibada, akina mama wakiingia kusikiliza majlisi, yeye hubaki mlangoni kupanga viatu vyao, jozi kwa jozi, ncha zimetazama ukutani. Hakuna aliyemtuma. Nawaambieni mapema, msije mkafika huko mbele mkasema Razia ametunga.

Ila ninayetaka kumsimulia ni binti yake, Zahira.

Zahira ana miaka kumi na saba na ni kiziwi tangu kuzaliwa. Nasema kiziwi kwa sababu mwenyewe ndivyo anavyotaka. Ukimwita "mwenye matatizo ya kusikia" atakukata jicho mpaka ujute. Matatizo gani? Wenye matatizo ni sisi tunaoishi naye nyumba moja pale Agincourt, na zaidi ya kumwambia "njoo ule" hatuna la kusema. Baba yake, Muntazir, anashinda kwenye kompyuta ofisini Markham, akirudi anazungumza na binti yake kwa kuandikiana ujumbe wa simu, wamekaa kochi moja! Mama yake anajua alama za kula, kulala, kuoga, njoo na hapana. Hapana anaijua vizuri sana.

Mimi lugha ya alama nilijifunza, tena wala si kwa wema. Nilijifunza kwa ajili ya umbeya. Mtoto yule haoni aibu kutazama watu, na harusini yeye ndiye anayejua nani kanuniana na nani, na nani kafungasha mishikaki kwenye mkoba. Nitakaaje bila kupata habari kama hizo? Nikajisajili darasa la jioni, nikasoma mpaka vidole vikauma.

Kanizfatema nilimwambia twende wote. Akasema, "Mimi ni mama yake, namwelewa bila darasa." Haya. Kwa hiyo kazi yake ikawa kumsemea. Mgeni akimuuliza Zahira anasoma darasa la ngapi, mama anajibu. Mhudumu wa hoteli akimuuliza anakula nini, mama anajibu, "Huyu hapendi pilipili," na mtoto mwenyewe anapenda pilipili kuliko sisi sote. Zahira akimsemesha kwa haraka, mama anatabasamu na kuitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, na hajaelewa hata chembe. Nilikuwa naliona hilo kila siku na linanipandisha damu.

Lakini nisimwonee. Zahira alipokuwa na miaka tisa, baiskeli ilimjia kwa nyuma kando ya barabara. Mwendeshaji akapiga kengele, akapiga tena, akidhani atasogea. Mtoto akavunjika mkono. Tangu hapo dada yangu analala na jicho moja wazi.

Sasa, mwaka huu mwalimu wa Zahira akaleta habari. Kuna ukumbi wa michezo ya kuigiza huko mjini, karibu na maghorofa ya St. James Town, ambao kila mwaka unachukua vijana na kuwapa mafunzo kwa vitendo nyuma ya jukwaa. Taa, mavazi, vifaa, kupandisha pazia. Na wanataka vijana wa kila namna: wa kiti cha magurudumu, asiyeona vizuri, asiyesikia, mwenye haya asiyeweza kukutazama usoni. Wanasema kazi ndiyo itakayorekebishwa imfuate kijana. Zahira akakubaliwa. Akapewa benchi la vifaa, vile waigizaji wanavyoingia navyo jukwaani.

Ungemwona! Kila Jumamosi anavaa nguo nyeusi juu mpaka chini, na mtandio mweusi, anapanda treni na kurudi jioni akiwa na maneno mengi mikononi hata chai yake inapoa. Ndiye aliyenieleza kwamba nyuma ya jukwaa hakuna taa ila za buluu, hafifu, na hakuna ruhusa ya kuzungumza. Wote wanaonyeshana kwa mikono. "Masi Razia," akaniambia kwa alama, maana masi kwetu ni dada wa mama, "kule wanaosikia ndio wanaohangaika. Mimi niko nyumbani."

Maneno hayo yaliniingia, nikamtafsiria mama yake yote.

Mama yake akasikia neno moja tu: giza. Giza, nyaya sakafuni, mbao zinashushwa kutoka juu, na mtoto asiyesikia mtu akipiga kelele "jihadhari"! Akasema basi, inatosha, Ijumaa ya onyesho la kwanza Zahira hakanyagi. Pakawa na vita humo ndani. Zahira akabamiza milango, na kiziwi akibamiza mlango anabamiza kwelikweli, maana anataka kuisikia sakafu ikitetemeka. Mwisho nikapandwa na hasira nikamwambia dada yangu, "Umekwenda hata siku moja ukaona? Hujaenda. Unakataza usichokijua." Tukapatana hivi: Jumatano ni jaribio la mwisho la mchezo, mchana, na familia zimealikwa. Atakwenda, ataangalia, ndipo aamue. Zahira akalijua hilo. Asubuhi ya Jumatano hata chapati hakugusa.

Tukapokewa na msimamizi wa jukwaa, binti wa Kikenya anaitwa Valerie. Mama yake ni Mkisii, yeye amekulia hapa hapa, kwa hiyo Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu Kiingereza. Maneno yake mimi nawapa kwa Kiswahili. Lugha ya alama nayo anaimudu. Akatupitisha nyuma, familia zote, huku dada yangu akihesabu hatari: ngazi ile, waya ule, msumari ule.

Zahira alikuwa amesimama kando ya benchi lake kama mwenye duka. Benchi limetandikwa karatasi nyeupe, na kila kifaa kimechorewa umbo lake kwa kalamu, kikombe mahali pa kikombe, taa mahali pa taa, ili mwigizaji akinyoosha mkono gizani asikose. Na mwisho wa benchi, jozi ya viatu vikuukuu vya ngozi. Kimoja kimesimama. Kingine soli juu.

Mchezo wenyewe unahusu fundi viatu aliyefiwa na mke, akaificha pete yake ya ndoa ndani ya kiatu. Pete imebandikwa ndani ya kimoja tu. Mzee Dawood, anayeigiza fundi, anapita hapo gizani mwanzo kabisa wa mchezo, anachukua kiatu na kuingia nacho jukwaani. Hana muda wa kupapasa. Kwa hiyo Zahira alifikiri mwenyewe, akakilaza chenye pete soli juu. Dawood akigusa soli, ndicho.

Zahira akamgeukia mama yake, akamweleza yote hayo kwa mikono, polepole, na mwisho akamwambia: usiguse. Kanizfatema akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Ndiyo, ndiyo. Mimi wakati huo nilikuwa nimevutwa na magauni yaliyotundikwa upande wa pili, nimesogea kuyashika kitambaa.

Valerie akatuomba tutoke tukakae mbele. Zahira akaenda mahali pake upande wa pili wa jukwaa, palipo na taa ndogo waliyomwekea: ikiwaka ajiandae, ikizimika afanye kazi yake. Watu wakaanza kutoka. Nikageuka kumwita dada yangu, nikamkuta ameinama juu ya benchi. Amekigeuza kiatu. Amekipanga sambamba na mwenzake, akakifuta vumbi kwa ncha ya mtandio. Nami sikuona ajabu yoyote, kwa sababu ningekuwa mimi ningekigeuza vilevile.

Tukakaa. Taa zikazimwa, zikawaka tena jukwaani, na mzee Dawood akaingia na kiatu amekikumbatia. Akaketi. Akaingiza mkono. Akapapasa. Akaingiza mpaka kifundo. Akakipindua, akakikung'uta, hakuna kitu! Watu wakacheka, na hapo ndipo palipokuwa pa kulia. Mzee akasimama akasema pete haipo, na Valerie akasimamisha jaribio.

Taa zote zikawashwa. Zahira akatoka nyuma na kile kiatu kingine mkononi. Akakitazama. Kimefutwa, kinang'aa. Nikamwona anavyokigeuzageuza, kisha akainua uso akatutafuta vitini mpaka akamwona mama yake. Alijua. Nani mwingine duniani angekifuta?

Valerie akamuuliza kwa mdomo na kwa mikono, ili wote tuelewe: "Kiatu kimewekwa vibaya. Aliyepanga benchi ndiye anayelijibia. Kama umesahau, niambie, si aibu. Ijumaa nitamweka mwingine benchini, nawe utakaa mbele na familia, tutajaribu tena mwakani."

Zahira akajibu kwa mikono tu. Akajipiga kifua kwa kidole.

"Anasema nini?" Kanizfatema akaninong'oneza.

"Anasema ni yeye. Amesahau."

"Amesahau nini?"

"Kiatu kilitakiwa kilale soli juu, Kaniz. Ndiyo alama ya mzee. Amejitwisha yeye."

Rangi ikamtoka dada yangu. Nikamtazama, naye ananitazama, na sote wawili tukaelewa kitu kimoja. Alichokuja kukitafuta kimeletwa mpaka kitini pake. Akikaa kimya tu, Ijumaa mtoto hashiki kazi. Hakuna giza, hakuna nyaya, na hakuna atakayesema mama ndiye aliyekataza. Na Zahira pale jukwaani amekubali kuipoteza Ijumaa yake ili mama yake asifedheheke mbele ya watu.

Mimi ni mtu wa kusema. Waulizeni wanaonijua, sijawahi kumeza neno. Siku hiyo nililimeza. Nilisema moyoni, hili si langu.

Kanizfatema akasimama. Kiingereza chake chote kikamkimbia. "Si yeye!" akasema kwa Kiswahili, kwa sauti, ukumbi mzima ukageuka. "Ni mimi. Nimekigeuza mimi."

Valerie, kwa mara ya kwanza, akajibu kwa Kiswahili. "Lakini kwa nini, mama?"

"Kilikuwa kimepinduka!" akasema dada yangu, kama mtu anayeshangaa kuulizwa. Yallah, nilicheka mpaka machozi. Mzee Dawood naye akacheka, akasema hata bibi yake asingekiacha.

Zahira hakucheka. Alishuka ngazi za jukwaa, akaja mpaka mbele ya mama yake, na mikono ikaanza kwenda kwa kasi. Alikuwa amekasirika haswa. Kanizfatema akaanza kutabasamu, kichwa kikaanza kuitikia, kisha kikasimama katikati. Akanigeukia. "Razia, anasema nini? Mimi sielewi."

Miaka kumi na saba, hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Nikamtafsiria. "Anasema, nilikwambia usiguse. Ukaitikia kwa kichwa. Anasema, mama, usiitikie kama hujanielewa. Niulize. Nitarudia. Nitarudia hata mara mia, sichoki, lakini usiniitikie tu."

Dada yangu akalia palepale, wazi, bila kujificha. "Mwambie namwomba radhi," akasema.

"Mwambie mwenyewe," nikamjibu.

Hakujua alama yake. Zahira akaliona hilo. Akafunga ngumi, akaizungusha kifuani taratibu, amuonyeshe. Mama akafunga ngumi yake, akaizungusha kifuani. Zahira akamrekebisha mkono, hivi, siyo hivyo, kama mwalimu mkali. Akarudia. Sasa ikawa sawa.

Valerie akachukua utepe mweupe, akampa Zahira, akamwambia Ijumaa abandike mstari sakafuni, ndani ya mstari huo asipite mtu ila yeye na waigizaji. "Na akina mama?" nikamchokoza. "Akina mama hasa," akajibu.

Ijumaa tukakaa safu ya tatu, Muntazir naye. Zahira hatukumwona hata kidogo, maana kazi yenyewe ukiifanya vizuri huonekani. Mzee Dawood akaingiza mkono kiatuni, akatoka na pete, na safari hii hakuna aliyecheka. Kanizfatema, machozi yanamtiririka, alikuwa ameukamata mkono wangu mpaka pete zangu mwenyewe zikaniumiza. Waliomzunguka walidhani analilia mke wa fundi viatu.

Siku hizi dada yangu anakwenda darasa la jioni. Ni mzito, vidole vyake vya kukanda unga havitaki kukunjika, na mwalimu anamrudisha nyuma kila wiki, lakini anakwenda.

Juzi nilikuwa sebuleni. Zahira ametoka kazini, maana wamemwongezea mchezo wa pili, akavua viatu mbio mlangoni, kimoja kikaanguka soli juu. Kanizfatema akapita na kikapu cha nguo. Akakitua. Akainama, mkono ukafika, ukasimama hewani. Nikasubiri nione. Akasimama wima, akamgusa Zahira begani, na kwa mikono yake ile mizito akamuuliza: hiki, nikigeuze?

Zahira akamgeukia mama yake. Kisha akamjibu polepole, alama moja moja, ili aelewe: hicho ni kiatu tu, mama, kigeuze.

Akakigeuza.