Kelele za Alasiri kwa Kokushubila

Umbeya wangu ndio ulionifundisha kumheshimu Kokushubila, basi niseme kweli yangu.

Mwaka 1952 tulikuwa majirani Temeke, ukuta kwa ukuta. Mumewe, Leodegar, alikuwa tarishi wa ofisi moja ya serikali. Kokushubila alikuwa mpole, ila kila alasiri nilimsikia akimkaripia mumewe kwa Kizungu huku akigonga meza kwa mwiko. Mume kimya! Mimi Bahiya, binti wa muuza duka, ningenyamaza na habari kama hiyo? Nikaipeleka kwa Mzee Kamugisha, mkubwa wa Wahaya mtaani.

Jumapili akaja na wazee wenzake wawili. Wakaketi uani, nami nikajifanya napepeta mchele pembeni.

"Mke anayemkaripia mumewe hurudishwa kwao," Mzee Kamugisha alisema.

Kokushubila aliketi mkekani, macho chini, asijitetee. Mimi nilitaka habari tu, sikutaka afukuzwe.

Ndipo Leodegar akatoka ndani na daftari mkononi.

"Msimrudishe. Ananifundisha. Mtihani wa ukarani umenishinda mara mbili, na aliyesoma kwa masista ni yeye. Mie ndiye niliyemkataza asimwambie mtu. Niliona haya."

"Anakufundisha nini?" Mzee hakuamini.

Kokushubila akainua uso. "Tumefika kwenye say na tell, baba. Yote mawili ni kusema. Lakini say linatosheka na maneno yaliyosemwa. Tell linamtaka mtu, tena amfuate hapohapo, kama kuambia kwetu. Huwezi kuambia tu ukanyamaza. Umemwambia nani?"

Akatoa mifano kwa Kizungu, akaigeuza Kiswahili, kisha Kihaya, bila kubabaika. Wazee wakasahau kesi, wakaanza kuuliza maswali. Mimi niliyesoma Kurani tu, sijui hata herufi moja ya Kizungu, nilielewa yote! Ungo ukaniponyoka, mchele ukamwagika, wala sikuuokota. Nilikuwa nimekaa na mtu wa namna hii miaka mitatu, namwazima chumvi, nisimjue.

Leodegar akasogea mbele ya mkewe. Pale pale, wazee wote wakimtazama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Mzee Kamugisha alivua kofia yake, akaiweka gotini.

"Marahaba," Kokushubila akajibu. "Fungua daftari. Zoezi la jana hujamaliza."