Patasi na Spana
Fundi wa pale Dalanzadgad, mji wa kusini mwa Mongolia, hukaza nati ya katikati ya gurudumu kwa patasi na nyundo. Gari la Kirusi likishapandishwa jeki, humwambia dereva azungushe gurudumu, naye huigonga nati kidogo kidogo, macho kayafumba, mpaka gurudumu liwe zito. Kisha huilegeza nati unene wa ukucha. Zamani mzungushaji alikuwa mkewe. Mke yuko kiwandani Korea, mwaka wa nne huu.

Jana Tsermaa, dereva wa siku nyingi, alipokuwa akitafuta kitambaa katika sanduku la vifaa la fundi, aliibua spana mpya iliyoviringishwa hariri ya buluu. Akaijaribu kwenye nati. Ikakaa sawasawa.

“Kaka! Si ulituambia spana aliyokutumia wifi haienei? Mchoyo we! Miaka yote tunagongagonga kama wahunzi!”

Fundi aliichukua, akaifuta alama za vidole, akairudisha ndani ya hariri.

“Aliniandikia kwamba ukiwa na hiyo, huhitaji mtu wa pili,” alisema. Akaokota patasi, akafumba macho. “Haya, zungusha, dada. Polepole zaidi. Yeye alikuwa anazungusha polepole.”