Mama Mkwe na Shamba Lililoliwa na Mto

Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, katikati ya miaka ya hamsini, sikupata kutulia. Mume wangu alikuwa kibarua Garsen, akirudi mara moja kwa wiki. Mimi nilibaki kijijini Idsowe, kando ya mto, na mama yake, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumpotea.

Alitia chumvi kwenye wali mara tatu. Alitafuta jembe ilhali liko begani mwake. Kisha akaanza kwenda kila asubuhi kwenye shamba ambalo mto ulilila miaka mingi kabla sijaolewa. Alikuwa akisimama ukingoni, udongo ukimeguka karibu na miguu yake.

"Nani kang'oa mahindi yangu?"

"Mto ulihama, mama. Shamba halipo."

Alilia. Baada ya muda mfupi aliuliza tena, nikamjibu vilevile, akalia upya. Nilijua ninamuumiza, lakini nilikuwa nimechoka.

Siku moja nilikuwa natwanga mpunga. Kugeuka, hayupo. Nilikimbia mtoni nikakuta mtumbwi wa jirani haupo pia. Mama mkwe alikuwa katikati ya maji, amesimama wima, pondo la kusukumia mtumbwi mkononi. Mto ulikuwa umejaa, magogo yanapita. Nilipiga kelele, hakugeuka. Mwanamke asiyekumbuka kufunga mlango aliyakwepa magogo yote, akaegesha ng'ambo taratibu.

Jirani alinivusha kwa mtumbwi mwingine. Tulimkuta anapalilia shamba la watu. Mwenye shamba, mama wa makamo, alikuwa kasimama tu akimtazama.

"Tusamehe, dada," nilisema. "Hajui afanyalo."

"Kupalilia anajua. Mwache amalize mstari."

Tangu siku hiyo tulivuka pamoja kwenda kupalilia shamba lile, yeye akiendesha, mimi nimeshika ukingo wa mtumbwi kwa hofu. Wakati mwingine aliniuliza mimi ni nani. Niliacha kubishana naye.

"Nimekuja kukusaidia kupalilia."

"Basi shika jembe," alisema. "Mbona umekaa?"

Tulivuka hivyo misimu miwili, mpaka miguu ikamshinda. Alifariki akiwa ameshanisahau kabisa.

Sasa nimeufikia umri wake. Juzi nilitoka nje haraka, nikasimama uani nisijue nimefuata nini. Binti yangu aliniuliza, "Unatafuta nini, mama?" Nikamwambia ninapunga upepo tu, nikaendelea kuzunguka nyumba.