Mtoto Aliyesifiwa kwa Upole

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya watoto wachanga, Nakuru, sista inchaji, msimamizi wa wodi, alinikabidhi chupa ya iodini na pamba. "Paka kitovu, paka na pale drip inaingilia. Usiogope kuchafua shuka." Nilitoka zahanati ya Subukia, ambako dawa hiyo ya kahawia ya kuua vijidudu tuliitumia kwa ubahili. Hapa ilimwagwa.

Nyinyi mnaoanza kazi leo, jueni kwamba ngozi ya mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, ni nyembamba na hufyonza kila kitu. Iodini ikizidi mwilini, tezi ya shingoni, yaani thairoidi, inaweza kugoma kutengeneza homoni inayokuza ubongo. Daktari wa watoto alipotufundisha hayo, nilimwendea inchaji.

"Sista, si tupunguze?"

"Na kitovu kikioza, utamwambia nini mama yake?"

Hakuwa mjinga. Vitovu vilikuwa vimetuulia watoto.

Kisha akaletwa Chepng'eno, njiti kutoka Olenguruone. Alipakwa kama wenzake. Wiki zikapita, akawa halii, hanyonyi mpaka aamshwe, na umanjano wa macho yake hauishi. Wodi nzima ikamsifu. "Huyu wangu hasumbui mtu, sista," mama yake aliniambia kwa fahari. Upole ule uliniudhi. Mtoto mzima ni msumbufu, asikudanganye mtu.

Daktari akaagiza damu ipimwe. "Wengi tezi inarudi yenyewe," aliniambia. "Wachache hairudi, na kwa macho huwezi kuwajua." Maabara ikasema kemikali za kipimo zimeisha. Kitanda kikahitajika, mama akaruhusiwa, akaahidiwa kupigiwa simu. Tulipiga, lakini kwao network ni ya kubahatisha. Aliporudi, mtoto alikuwa wa umri wa kukaa na shingo bado imelegea. Sasa kipimo kilikuwepo, na tezi ilikuwa imelala. Tukamwanzishia vidonge vya homoni ile, ingawa ubongo ulikuwa umeikosa miezi yote hiyo. Nililia chooni, kwa hasira zaidi ya huzuni, maana maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Baadaye iodini iliondolewa wodini. Wenzangu walipiga makofi kikaoni. Mimi sikuweza.

Siku ya kustaafu walinikatia keki. Nikiwa natoka nilimkuta Mama Chepng'eno kwenye foleni ya dawa, binti yake mgongoni, ingawa wa rika lake walishavaa sare za shule.

"Sista, nikizidi kumpa hizi, iko siku ataniita mama?"

Nilimwambia asisahau kumpa asubuhi, kabla ya uji.