Jungu Lisilochemka

Mimi kwa nyama hakuna wa kunifundisha. Naanza na hilo ili tusisumbuane huko mbele. Nilishuka kutoka Mbebe nimeishia darasa la nne, nina sufuria moja niliyoichukua kwa shangazi yangu bila kumwambia. Leo nina hoteli mbili za chakula Tunduma, moja kwenye foleni ya malori na nyingine stendi, na nyumba ya kulala wageni yenye vyumba ishirini na viwili. Kuna Wazambia wanaovuka mpaka asubuhi kwa ajili ya mchuzi wangu tu. Wananipa salamu yao ya "mulishani" mlangoni, wanakula, wanarudi kwao kupiga miayo ya shibe. Na waliosoma mpaka chuo kikuu nimewaajiri. Baadhi yao nimewafukuza.

Siri yangu siifichi, maana hata nikiisema hamna ubavu wa kuifanya. Wenzangu walikuwa wanagombea ndama. Mimi nilikwenda Ihanda nikanunua maksai wazee, wale waliolima mpaka wakasahau umri wao, wanyama ambao wenye bucha walikuwa wakiwacheka. Nyama ile ukiitafuna, inakutafuna wewe. Natia magadi, moto wa kuni mkali, saa moja na nusu imelainika, dereva anakula, anaondoka, mwingine anakaa. Ndivyo nyumba hii ilivyosimama.

Sasa aje mtu kutoka Uholanzi, na jungu la kuchomeka kwenye umeme, anionyeshe namna ya kupika ng'ombe.

Mtu huyo ni mkamwana wangu. Mwanangu nilimpeleka kusoma huko kwa jasho langu, akaniambia kwa simu kwamba ameoa, harusi ikiwa imepita wiki tatu. Nilikata simu nikaenda kukagua mafriji. Walipokuja Tunduma kukaa, nikatumia mila. Kwetu Undali, mke wa mwanao hakutazami usoni, hapiti mbele yako, hamkai chumba kimoja. Akiwa sebuleni, wewe unapita nyuma. Akikupikia, chakula anakuletea mwingine. Nikamwambia mke wangu awafahamishe hivyo, na kwamba mimi chakula cha mkono wake sitakila, kwa sababu sikumtolea mahari wala sikuulizwa.

Mwanangu alicheka. Akamkumbusha mama yake kwamba mkamwana wa kaka yangu mkubwa nilishapanda naye gari moja hadi Vwawa, tukapiga soga njia nzima. Ni kweli. Mjini tumelegeza. Lakini mila ni kama panga, linakaa darini, unaliteremsha siku unayolihitaji. Nililihitaji.

Tukaishi hivyo wiki tatu. Nikisikia viatu vyake koridoni, nasubiri. Akinisikia nakohoa, anasimama. Kiswahili chake ni cha darasani, kila sentensi ina "tafadhali," neno ambalo Tunduma nzima hakuna anayelitumia ila askari anapotaka kukuonea. Alikuwa anamwambia mke wangu, "Mama, tafadhali nipe kisu," na mke wangu anayeyuka. Hilo nalo lilinikera.

Ijumaa moja mchana mwanangu alinifuata hotelini, akakaa mbele yangu bila kuambiwa karibu. Sina mtoto mwingine wa kumwachia hoteli hizi. Dada zake wameolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde na huko mbele, wana mambo yao. Miguu yangu imeanza kuvimba na madaktari wanataka nikae. Yeye anayajua hayo yote, na ndiyo maana alisema alichosema.

"Baba, kesho mke wangu anapika. Utakaa mezani na sisi utakula. Usipokula, Jumatatu tunapanda basi, na mimi sirudi tena Tunduma."

"Unanitisha?"

"Nakuaga."

Nilimwambia atoke. Alitoka. Lakini nilikuwa nimeshaamua kula, nisiwadanganye. Mtu hawezi kupoteza hoteli mbili kwa sababu ya kijiko kimoja.

Jumamosi saa moja asubuhi akaanza kazi. Mimi nilisimama koridoni nyuma ya pazia la mlango wa jiko. Si kuchungulia. Nyumba ni yangu. Alikuwa na nyama ya muundi, kilo mbili, ile yenye mishipa. Angalau hapo alijua kuchagua. Akaikata vipande vikubwa, akavikausha kwa kitambaa kama mtu anayefuta mtoto, akavikaanga kwa siagi mpaka vikawa kahawia. Kisha vitunguu. Vilikuwa vingi, nyama na vitunguu karibu sawasawa, nikajiuliza huyu anapika ng'ombe au anapika shamba la vitunguu. Akatia majani makavu ya bay, yale ya harufu, karafuu, supu kidogo. Halafu akamimina siki. Nusu kikombe!

Hapa Tunduma siki kwenye nyama tunaijua. Ni ya mwenye bucha ambaye nyama yake imelala na anataka mteja asinuse. Mimi nimewafukuza wapishi kwa siki. Yeye akaimimina mbele ya mke wangu bila aibu, akiimba. Juu ya yote hayo akalaza kipande cha mkate wa viungo alichotoka nacho kwao, kimepakwa haradali, upande wa haradali ukiangalia chini. Kwao chakula hicho wanakiita hashee.

Chote alikuwa amekipanga kwenye lile jungu la udongo linalokaa ndani ya bati la umeme. Akafunika kifuniko cha kioo, akabonyeza, taa nyekundu ikawaka. Akamwambia mke wangu ni muda wa saa nane, mpaka saa kumi jioni, na tafadhali lisifunguliwe, kwa sababu kila ukifungua joto linatoka na linachukua nusu saa kurudi.

Saa nane! Kwa saa nane mimi nimeshalisha foleni mara tano.

Saa tano mwanangu na mkewe wakaenda sokoni kutafuta kabichi nyekundu, mke wangu akaenda kwenye mazoezi ya kwaya. Nikaingia jikoni. Nikainama nikasikiliza. Kimya. Jungu la nyama lina sauti yake, mimi nimelala na sauti hiyo miaka thelathini. Hili halikuwa na sauti. Kwenye kioo, jasho tu. Nikaweka kiganja kwenye bati: joto la kikombe cha chai. Nikafunua. Halichemki. Nyama zimekaa kwenye maji yake kama watu wanaooga. Nikachoma kipande kwa uma, uma ukarudi.

Nikawaza: saa kumi nitakaa pale mezani, nitatakiwa kutafuna muundi mbichi wenye siki, mwanangu ananitazama mdomo. Nikishindwa kumeza, wanaondoka. Na nyuma ya wazo hilo kulikuwa na lingine ambalo nalo nitalisema: nilitaka nyama ile ilainike kwa mkono wangu, yeye asijue, asifiwe, na mimi nijue.

Magadi yalikuwa kabatini. Nikatia vijiko viwili, kipimo cha hoteli.

Sijui mmewahi kuona maziwa yakichemka mkiwa mmegeuka. Hili lilikuwa zaidi. Povu lilipanda la kahawia, likatoka na vitunguu, likashuka kwenye meza, likaingia kwenye droo ya vijiko, likanidondokea miguuni. Nikafunika. Likainua kifuniko. Nikasimama pale nimeshika kifuniko kwa mikono miwili, mtu mwenye vyumba ishirini na viwili, napigana na mchuzi. Lilipotulia nilifuta kwa kitenge cha mke wangu, nikakisokota nikakitia kwenye ndoo ya nguo chafu. Nikarudi sebuleni nikafungua televisheni.

Saa kumi tukaitwa. Meza ilikuwa imetandikwa, viazi vimepondwa, kabichi imepikwa na tufaha. Mkamwana aliinamisha macho nilipoingia, kwa kufuata mila, nikaketi. Alifunua jungu. Nyama haikuwapo. Kulikuwa na uji wa rangi ya matope, na harufu ya sabuni ya mche. Akaonja kwa ncha ya kijiko, akakiweka chini.

"Hiki si chakula changu," alisema. "Tafadhali, mtu asile."

Akamtazama mke wangu. Mke wangu alinikazia macho mimi. Alikuwa ameshakiona kitenge. Miaka yote ya ndoa amenisema kwa mambo madogo, na siku hiyo akanyamaza, akaacha binti wa watu amdhanie yeye. Yule binti machozi yakamlenga, akasema taratibu kwamba kama Mama hakutaka apike angemwambia tu. Mwanangu akasukuma kiti nyuma. Akamwambia mkewe kwa Kiswahili, ili nasi tusikie, waende wakafunge mabegi.

Ningenyamaza wangeondoka. Nikasema, "Ni mimi. Nimetia magadi."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza mimi kumwambia mkamwana wangu ana kwa ana. Akainua macho akanitazama usoni, moja kwa moja.

"Magadi? Kwenye siki? Baba, hata mtoto wa shule ya msingi anajua kitakachotokea."

Mke wangu alishika kichwa. Hapo ndipo penye kidonda changu, na alikigusa kwa kidole kizima.

"Mimi niliishia la nne," nikamwambia. "Na kitanda unacholalia kimenunuliwa na la nne. Nauli ya mumeo kwenda kwenu imelipwa na la nne. Ulipokuja na jungu lako la kupasha maji ya kuogea, ulikuta watu hapa wameshiba."

"Wameshiba, ndiyo. Lakini jikoni hukuruhusiwa kuingia. Ile mila ni yako, si yangu. Mimi nimeifuata wiki tatu, nimesimama koridoni kama mlinzi. Wewe umeivunja siku ya kwanza niliyotoka nyumbani."

Nikaanza kupanga vijiko ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

"Kesho naanza upya," akasema. "Na Baba utakaa jikoni, kwenye kiti kile, kutoka saa moja mpaka saa kumi. Tafadhali."

Mwanangu alikuwa bado amesimama. Hakuketi, lakini mabegi hayakufungwa jioni ile. Asubuhi niliyakuta koridoni, mawili, yamesimamishwa ukutani, zipu wazi. Nikayaelewa: yalikuwa yanasubiri sahani yangu.

Basi Jumapili kanisani sikwenda. Niliketi jikoni kwangu mwenyewe kama mshitakiwa. Akakata nyama, nikamwambia kisu anakishika kama kalamu. Akaniambia vidole vyake bado viko kumi. Akamimina siki, nikageuza uso. Akafunika, taa ikawaka, tukabaki mimi, yeye na kile kimya cha jungu. Saa nne akaanza kumenya viazi. Mimi sina mazoea ya kukaa mikono mitupu. Mara mbili mkono wangu ulikwenda kwenye kifuniko, mara mbili akagonga meza kwa kisu bila kuinua macho.

Nikamuuliza, maana uvumilivu una mwisho, kwa nini watu wenye fedha kama wa kwao wapike nyama ngumu kwa saa nane badala ya kununua laini.

Alisema bibi yake hakuwa na fedha. Walikuwa na ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe akizeeka, akikauka, ndiye anayeliwa, na nyama yake ni kama kamba. Siki ilikuwa ya kuilainisha. Jungu waliliacha pembeni ya jiko asubuhi wakaenda kazini.

"Magadi hakuwa nayo," akasema. "Alikuwa na muda."

"Mimi muda sikuwa nao," nikajibu.

Alimenya kiazi kingine. Sikupenda kwamba alinielewa. Ningependa zaidi angenibishia. Nilikaa pale mpaka miguu ikajaa, na wala sikumwomba kigoda cha kuiweka. Akakileta, akakisukuma kwa mguu mpaka karibu yangu, akaendelea na kazi zake.

Saa kumi alifunua mwenyewe. Nyama zilikuwa zimebaki vipande, kila kimoja na kona zake, mchuzi mweusi mzito, vitunguu vimeyeyuka havionekani. Tukakaa mezani wanne. Mwanangu hakula kwanza. Alinitazama mdomo, kama nilivyojua atanitazama. Kipande kikaachia kwa kijiko. Uchachu upo, utamu upo, karafuu iko nyuma. Magadi huilainisha nyama kwa kuiua. Hii ilikuwa laini na bado ni nyama. Nalisema hapa kwenye karatasi. Pale mezani sikulisema.

Nilimaliza sahani, nikaisogeza kwa mkamwana mwenyewe, si kwa mke wangu, akaniongezea. Nikamaliza na hiyo. Wote wakawa wananisubiri.

"Nyumba hii kupika kuna zamu," nikamwambia. "Kesho ni mama yako mkwe, na keshokutwa. Wewe zamu yako itakuwa Jumapili. Viazi vyako vimezidi chumvi."

"Viazi alitia chumvi Mama," akasema.

Mke wangu akaangalia dirishani.

Mwanangu akainuka, akatoka koridoni. Nilisikia zipu ya kwanza, kisha ya pili, kisha mlango wa chumba chao. Aliyarudisha mabegi yote mawili ndani peke yake. Sikwenda kumsaidia.