Sombe Bila Mawese

Mama yangu anakamua mawese kijijini Simbo, na mimi nimekulia ndani ya harufu yake. Sare zetu za shule zilikuwa na madoa mekundu yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Nyumbani kwetu mboga isiyotiwa mawese iliitwa mboga ya mgonjwa. Kwa hiyo daktari aliponiambia nipunguze mafuta, sikulifikiria tumbo langu kwanza. Nilimfikiria mama.

Mimi ni fundi cherehani, nina fremu ya kushonea mjini, karibu na soko la Mwanga. Maumivu yalinianza nikitoka kwenye harusi Ujiji, ambako nilikula pilau ya nyama na samaki mgebuka wa kukaanga, nikaongeza tena. Nilijikunja kwenye bajaji, ubavu wa kulia ukiniuma mpaka begani. Kipimo kilionyesha vijiwe kwenye kifuko cha nyongo. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, alisema maumivu yakirudi mara kwa mara nitafanyiwa upasuaji. Kwa wakati huo niangalie ninachokula.

Nilipita dukani nikanunua biskuti na mtindi, vyote vimeandikwa havina mafuta. Nilipomwonyesha daktari safari iliyofuata, alisoma nyuma ya pakiti kisha akanirudishia.

"Hapa wametoa mafuta wakaweka sukari," alisema. "Kwenu hakuna maharage? Hakuna papai, mchicha, viazi? Chagua kitu ambacho tangu shambani hakina mafuta, au kina kidogo sana. Usiyakatae mafuta yote, mwili unayahitaji. Ila yasiwe ndiyo chakula."

Maneno hayo niliyaelewa vizuri kuliko pakiti. Sokoni nikaanza kupita meza za maandazi bila kusimama. Nilichukua matembele, nyanya chungu, maharage, machungwa, na samaki kuhe mbichi wa kuchemsha kwa ndimu na tangawizi. Wiki za mwanzo nilikula kwa kujilazimisha. Baadaye ulimi ukazoea, nikaanza kusikia ladha ya maharage yenyewe.

Kazi ilibaki Simbo. Nilipofika, mama alikuwa amepika sombe, yaani kisamvu, mawese yanaelea juu. Nikamwambia siwezi kula.

"Mawese ndiyo yaliyokusomesha," alisema, akafunika chungu.

"Najua, mama. Sijayakataa. Yananiumiza."

Alitoka nje akaendelea kuchambua ngazi, yale matunda ya mchikichi, na nilijua amekasirika kwa jinsi alivyokuwa akizitupa kwenye beseni. Niliumia, lakini sikurudi nyuma. Niliingia jikoni mwake, nikachukua kisamvu kibichi kilichobaki, nikakitwanga na kitunguu na pilipili, nikakichemsha na nyanya chungu mpaka kikalainika, mwisho nikakamulia ndimu. Nikapakua na ugali wa muhogo, nikaketi mlangoni nile.

Mama alisogea akamega tonge, akachovya.

"Hii haina rangi," alisema.

"Rangi haina. Ladha je?"

Alitafuna, akachovya tena. "Umeweka chumvi kidogo. Na kisamvu hukukitwanga vya kutosha." Akachukua kinu akanionyesha, na hasira ikaishia humo kwenye kutwanga.

Tangu hapo nikienda Simbo anapika vyungu viwili. Changu anakitia uyoga anaoukausha mwenyewe, na mchuzi wake ni mtamu kiasi kwamba baba huanza na changu kabla hajagusa cha kwake. Mama bado anakamua mawese, na mimi ndiye ninayemtafutia wateja Mwanga. Mwenyewe nikitaka natia kijiko kimoja, si upawa.

Maumivu yamenirudia mara moja tu, baada ya sambusa nilizokula nikijua ninachofanya. Daktari bado ananifuatilia. Wateja wakiniuliza kwenye fremu nimekondaje, nawaambia sijakonda, nimechagua. Kisha naendelea kuwapima kiuno.